Kiti cha Kushoto

Muhula uliopita tuliambiwa darasani tuandike insha juu ya kazi tunayoitamani. Wenzangu waliandika udaktari, urubani, uanasheria, na mmoja akaandika ubunge (huyo mnamjua, sina haja ya kumtaja). Mimi niliandika udereva wa mbio za magari. Mwalimu alipokisoma kichwa hicho kwa sauti, darasa zima liliangua kicheko, maana inajulikana shule nzima kwamba mimi siketi mbele katika matatu. Hata ikibaki nafasi ya mbele peke yake nitasubiri gari jingine, nichelewe paredi, niadhibiwe. Kuna walioniita mwoga. Kuna waliosema eti nimekatazwa na mganga.

Insha ile nilipata alama 9 kwa 20. Chini yake mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Hujasema dereva huyu hufanya kazi gani hasa." Nilikasirika kidogo, lakini nilipoisoma tena niliona amesema kweli. Nilikuwa nimejaza kurasa mbili za mwendo, vumbi na vikombe. Basi naandika upya, na safari hii nitasema yote, pamoja na habari ya kile kiti.

Nianze na kaka yangu. Mwaka juzi, nilipokuwa kidato cha kwanza, alikuwa akiendesha matatu kati ya Lungalunga na Ukunda. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na stejini walimwita Safari kwa sababu ya zile mbio. Jina hilo lilibandikwa kwenye kioo cha nyuma kwa herufi nyekundu. Kila asubuhi alinichukua, nami niliketi mbele, upande wa kushoto, bila kulipa hata ndururu. Wenzangu waliobanwa nyuma kama dagaa walinionea gere. Mimi nilijiona mtu mkubwa. Kazi yangu, kama nilikuwa na kazi, ilikuwa kuitazama mishale ya dashibodi na kumtia kaka moyo. "Kanyaga, kaka! Huyo mbele ni nani?" Naye alikanyaga.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, masika, mvua imenyesha usiku kucha na lami inang'aa kama kioo. Tulikuwa tumetoka Msambweni tukielekea Ukunda. Kiti cha pili aliketi mama mmoja jirani yetu, muuza samaki, na beseni lake miguuni. Tulipoipita Gazi tulilikuta lori la mchanga likitambaa mbele yetu, na pale barabara inapinda kwenda kushoto.

Hapa naomba msomaji anielewe vizuri, maana ndipo lilipo jambo lote. Barabara ikipinda kulia, dereva ndiye anayeona mbele ya lori, kwani usukani wetu uko kulia. Ikipinda kushoto, dereva haoni kitu ila kisogo cha lori. Anayeona ni yule aliyeketi kushoto. Kaka alilijua hilo. Aliniuliza, "Vipi huko?"

Mimi sikutazama. Macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa mwendo, na kwa mazoea tu, kama mtu anavyoitikia salamu, nikasema, "Njia nyeupe!"

Haikuwa nyeupe. Pikapu ilikuwa inakuja. Kaka alipoiona alikuwa ubavuni mwa lori, hana pa kurudi, akalitupa gari upande wa pili wa barabara, likaruka mtaro, likaenda kujibamiza kwenye mnazi. Sikumbuki sauti. Nakumbuka samaki wametapakaa kila mahali, mmoja juu ya mapaja yangu, na nikajiuliza huyu ametoka wapi.

Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Mimi nilitoka na mchubuko wa paji la uso. Kaka alivunjika mguu mahali pawili, na mpaka leo ana chuma ndani. Yule mama alivunjika nyonga. Alilala miezi, na sasa anatembea kwa mkongojo, beseni hawezi tena kulibeba. Polisi walipomhoji kaka alisema maneno matatu tu: "Nilikosea hesabu mwenyewe." Alishtakiwa akatozwa faini, na Baba akaiweka rehani minazi yetu kumi na miwili ili ailipe. Katika mambo yote hayo kaka hakusema hata siku moja, si kwa polisi, si kwa Baba, kwamba aliniuliza nami nikamjibu.

Nami sikusema. Basi mmeijua sababu ya mimi kutoketi mbele.

Mguu ulipopona, Mjomba alimchukua kaka kwenye gereji yake pale Ukunda. Nasema gereji, lakini ni mwembe, mabati manne na shimo la kuingia chini ya gari. Mimi nami nikawa napita hapo jioni baada ya masomo, nashika tochi, napitisha spana namba kumi na tatu. Ndani ya lile banda la mabati, juu ya sanduku la vifaa, kuna picha ya gazeti iliyogeuka rangi ya chai. Gari la zamani lenye mgongo wa mviringo, limejaa matope, na Singasinga wawili pembeni yake. Mjomba alijifunza ufundi Mombasa kwa Singasinga mmoja, na mzee huyo alipofunga karakana yake alimwachia mwanafunzi wake jeki moja, seti ya spana na hiyo picha.

"Huyu ni nani?" nikamwuliza siku moja.

"Mwanangu, hata huyu humjui? Joginder Singh! Simba wa Kenya!"

Akaacha kazi akaketi juu ya tairi, na kaka akachomoza kichwa kutoka chini ya gari, maana Mjomba akianza habari hizo hanyamazi. Mengine nimeyatafuta mwenyewe baadaye.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Hakuanza na mbio. Alianza na mafuta ya gari mikononi, fundi wa gereji, na alipoanza kushindana mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mtu anayejua kila nati kwa jina lake. Mashindano ya Safari yenyewe yalikuwa bado machanga. Yalianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, na njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa ya Pasaka, na Pasaka kwetu ni mvua, wenyewe mnajua. Magari yalipita barabara zile zile za watu wote, usiku na mchana, matope hadi kwenye milango, ng'ombe, punda, malori, mito imefurika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yaliyomaliza yalikuwa 7. Saba! Nilipowaambia wenzangu walidhani nimekosea kusoma.

Mwaka 1965 Joginder aliingia na gari aina ya Volvo ambalo halikuwa jipya. Timu ya kiwanda ilikuwa imelileta Safari ya 1964, likaumia, nao hawakuona faida ya kulirudisha Ulaya. Likauzwa. Joginder akalinunua, akalitengeneza, akaondoka nalo yeye na mdogo wake, akashinda kwa zaidi ya saa nzima mbele ya wa pili. Mjomba alipofika hapo aliligonga lile sanduku kwa spana: "Gari lililotupwa, mwanangu! Lililotupwa!" Nadhani ndiyo sababu anaipenda habari hii, kwa maana magari yote yanayoletwa pale chini ya mwembe ni ya namna hiyo.

Joginder akashinda tena 1974, na gari dogo la Mitsubishi, huku wa pili akiwa bingwa wa Sweden, Björn Waldegård, na Porsche yake. Akashinda tena 1976, Mitsubishi zikachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mwaka huo Mjomba alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne, na alisikiliza habari zote kwa redio ya Sauti ya Kenya, mlangoni kwa muuza duka Msambweni, kwa sababu nyumbani kwao redio haikuwako. Mwenye duka alikuwa akiongeza sauti kila walipotaja jina hilo.

Lakini kuna hesabu moja ambayo mimi naiona kubwa kuliko ushindi wote watatu. Joginder aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Kumbuka yale magari saba kati ya 84. Siku niliyoisoma hesabu hiyo nilimwendea kaka, nikamwambia. Alikuwa akifunga breki za gari la mtu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe alikuwa anajua kwenda polepole." Kwa kweli alijua. Mbio hizi si kama mbio za mita mia. Kuna vituo, na kila kituo kina dakika yake. Ukichelewa unatozwa alama, na ukiwahi kabla ya dakika yako, pia unaadhibiwa. Kwa hiyo dereva hodari anajua wapi pa kukanyaga, na wapi pa kulilea gari kama mgonjwa ili lifike. Methali ile ya haraka mnaijua, sitaitaja hapa.

Basi nikadhani nimeshapata jibu la mwalimu. Kumbe bado. Jioni ile ile ya kwanza, Mjomba alipokwisha kusimulia, aliweka kidole chake cheusi kwa grisi juu ya picha, kwa yule Singasinga wa pili.

"Na huyu je?"

Sikumjua.

"Wote hawamjui," akasema. "Huyu ni Jaswant. Mdogo wake. Aliketi kushoto."

Wasomaji, niliiangusha tochi. Kaka alirudisha kichwa chake chini ya gari, na hakuna aliyesema neno. Mjomba hakujua amesema nini. Kwake ilikuwa ni hadithi tu.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta habari za hawa wa kushoto. Huitwa waelekezi. Kabla ya mashindano, dereva na mwelekezi hupita njia polepole, na mwelekezi huandika daftari: kona ya kushoto kali, kona ya kulia pana, daraja jembamba, jiwe ndani ya kona, kilima ambacho ukikivuka kuna shimo. Kila kitu kwa ufupi, na ukali wa kona mara nyingi huandikwa kwa nambari. Siku ya mashindano yeye haangalii mandhari. Anasoma, na anasoma mbele ya gari. Akisema mapema mno dereva atasahau, akichelewa basi tena. Dereva anaingia kwenye kona asiyoiona, kwenye vumbi au usiku, kwa kuamini sikio lake. Sijui kama kuna kazi nyingine ambayo mtu huyatoa macho yake akampa mwenziwe namna hiyo. Labda kipofu na mtoto anayemshika fimbo.

Katika Safari za zamani kulikuwa na zaidi ya daftari, kwa sababu barabara hazikufungwa. Daftari haliwezi kukwambia kwamba leo saa nane kuna punda. Miaka ya baadaye timu tajiri zilirusha helikopta mbele ya gari ili ziwaonye madereva wao juu ya wanyama na malori. Helikopta nzima, gharama yote ile, ili mtu aseme kwa uhakika kama njia ni nyeupe!

Angalia sasa mabingwa wetu, na wale wa kushoto. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, ndiye aliyeishinda Safari mara nyingi kuliko wote, mara tano: 1973, na kisha minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Ule ushindi wa kwanza alifungana alama na Harry Källström wa Sweden, sawa kabisa, ikabidi waamuzi watafute njia ya kuwatenganisha. Nani aliketi naye? Lofty Drews. Katika ile minne? Mike Doughty. Joginder 1974 na 1976 alikuwa na David Doig. Ian Duncan aliposhinda 1994, David Williamson. Na juzijuzi, mwaka 2022, kijana wetu McRae Kimathi alipokwenda Sweden kushindana kwenye theluji, jambo ambalo Mkenya hakuwahi kulifanya, mwelekezi wake alikuwa Mwangi Kioni. Wanapokea kikombe pamoja, wanamwagiwa shampeni pamoja, halafu magazeti yanaandika jina moja.

Nimtaje Kimathi kidogo zaidi, kwa kuwa kuna jambo linaloniuma na sitaki kulificha. Jina lake McRae alipewa kwa heshima ya Colin McRae, bingwa wa Scotland aliyeshinda Safari mara tatu. Aliyempa ni babake, Phineas Kimathi, ambaye naye alikuwa dereva wa mbio. Yaani kijana alizaliwa ndani ya mchezo. Mehta alitoka katika familia ya matajiri wa sukari. Wengi wa madereva wa Kenya ni watu wenye biashara zao, kwa sababu mchezo huu haulipi mshahara kama ualimu. Kwanza unalipa wewe: gari, tairi, mafuta, mafundi, ada, na ukipinduka umepinduka na pesa zako. Mwenye bahati hupata kampuni ya kumdhamini. Wachache sana ndio wanaolipwa na viwanda ili waendeshe, na hao ndio tuliowaona wakija Naivasha tangu Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002. Hata mbio zenyewe si zile. Siku hizi sehemu za kushindania hufungwa, hakuna punda wala lori, na kilomita zake ni mia tatu na kitu, si maelfu kama za Joginder.

Kwa hiyo nilimwuliza Mjomba waziwazi: mtoto wa mkulima wa minazi, shule ya kutwa, Kwale, anaweza? Mjomba hakunidanganya. Alisema, "Gari huna. Baba huna wa kukununulia. Una mikono na una macho." Kisha akanituma nikanunue majani ya chai.

Nimelifikiri sana neno hilo. Mikono, nimeanza: naweza kufungua giaboksi na kuirudisha bila nati kubaki (mara moja ilibaki, lakini gari lilikwenda). Na macho, hapo ndipo nilipokwama. Kuna siku ya likizo ya mwezi wa nne nilichukua daftari, nikatembea kwa miguu kutoka Gazi kuelekea Ukunda, nikiandika barabara kama mwelekezi. Kona, kalvati, mahali mbuzi hupenda kuvuka, mahali maji husimama. Nilipofika kwenye ule mnazi niliukuta una kovu kwenye gome, la kimo cha kifua changu. Nikasimama upande wa kushoto wa barabara, mahali ambapo kiti changu kilikuwa, nikatazama. Unaona mbali sana kutoka pale. Unaona karibu mita mia mbili. Niliandika hivyo kwenye daftari, nikageuka nikarudi nyumbani.

Insha hii nilimpa kaka aisome kabla ya kuileta kwa mhariri. Aliisoma akiwa ameketi juu ya tairi, mguu wenye chuma ameunyoosha. Alicheka pale kwenye samaki. Alipofika mwisho akanirudishia, akasema, "Iko sawa. Toa hapo niliponiuliza. Toa, andika tu tuligongana." Nikamwambia ni wewe uliyeniuliza mimi, hata sentensi umeikosea. Akasema, "Basi toa hivyo hivyo."

Sikutoa. Na sababu si ushujaa. Binti wa yule mama muuza samaki ni mwanafunzi mwenzetu, yuko kidato cha nne, na ni mwanachama wa chama hiki cha Kiswahili. Gazeti hili atalisoma kabla ya wengi wenu. Kila wiki tunaketi meza moja kwenye mkutano wa chama, na mwaka jana alinisaidia kusahihisha shairi langu. Siku moja aliniuliza mguu wa kaka unaendeleaje, kwa roho safi, bila kinyongo. Nilijibu "hajambo" nikaangalia dirishani.

Gazeti linatoka wiki ya mwisho ya muhula. Sitaki mamake alipate jambo hili kwenye karatasi. Jumamosi hii nitakwenda kwake Msambweni nimwambie kwa mdomo, halafu atakalosema atasema. Nimemwomba kaka anipeleke. Alikataa, akakubali, akakataa tena, na jana jioni akasema haya, tutakwenda kwa pikapu ya Mjomba. Pikapu hiyo haina kiti cha nyuma.